Veronika na Maji ya Pompi

Binti yangu Veronika yuko nyuma ya nyumba, anatwanga mpunga na wenzake, na kelele zao zinanifikia hapa nilipokaa. Nalisema hilo kwanza ili mama anayesoma huku amempakata mtoto mgonjwa asihangaike kutafuta mwisho. Mtoto wangu hakufa. Ana miguu mirefu, ana mdomo mwepesi wa kujibu, na juzi amevunja mtungi wangu mzuri kuliko yote. Ninayoandika ni ya miezi ile alipokuwa akibadilika rangi mikononi mwangu na hakuna aliyejua sababu.

Masista wa Kasongo walinifundisha kusoma na kuandika kabla sijaolewa, ndiyo maana wamama wa huku wamekuwa wakiniambia niandike. Mimi si munganga, yaani daktari. Sitaeleza damu inavyofanya kazi mwilini, maana hata nilipoelezwa sikushika yote. Nitasema tulivyoishi.

Tulikuwa tunakaa katika kambi ya wafanyakazi wa machimbo ya dhahabu, upande wa Lusangi, njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Ulikuwa bado wakati wa Wabeleji. Mume wangu Anselmi alikuwa mwashi. Maji tulikuwa tunateka kwenye chemchemi ya bondeni, na kurudi kwake ni kupanda mlima na mtungi kichwani, hata kwa mwenye mimba. Kwa hiyo kampani ilipoamua kutuchimbia kisima katikati ya kambi, sisi wanawake tuliimba. Mzungu wa kazi alichagua mahali, wanaume wakachimba, na Anselmi ndiye aliyejenga matofali ndani ya kile kisima, kutoka chini mpaka juu. Wakafunga pompi ya chuma yenye mkono mrefu. Padri alikuja kuibariki. Maji yalitoka baridi, meupe, bila harufu, na mtu wa kwanza kuonjeshwa alikuwa mume wangu, amevaa suruali yake ya Jumapili. Tangu siku hiyo watu walimwita Baba Pompi, naye hakulikataa jina hilo.

Juu kidogo ya kisima, kwenye mteremko, kulikuwa na zizi. Kampani ilikuwa inanunua ng'ombe kutoka milima ya Itombwe, wanashushwa kwa miguu mpaka kwetu, wanakaa zizini wakingoja kuchinjwa kwa ajili ya nyama ya wafanyakazi. Nyuma ya zizi vilikuwepo vyoo vya zamani vya kambi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Maji yalikuwa meupe, basi.

Veronika alizaliwa mvua zilipokuwa zinaisha. Alizaliwa vizuri, analia kwa nguvu, na kwa siku za kwanza alinyonya kama mtoto yeyote. Kisha homa ikanishika mimi. Matiti yote mawili yakavimba yakawa magumu kama mawe, ngozi inang'aa, hata nguo ikigusa nasikia moto. La kushoto likatunga jipu. Infirmie wa kambi, ndivyo tulivyowaita wauguzi wetu wanaume, alilipasua, na kila asubuhi nilikwenda pale dispensari kukaa kwenye benchi la ukuta, nikisubiri kufungwa kitambaa kipya. Harufu yangu mwenyewe ilinichukiza. Nilikuwa nakaa mwisho wa benchi ili wengine wasiipate. Jeraha lilipoanza kufunga, titi hilo lilibaki limesinyaa na kovu kubwa, na la kulia likawa linatoa matone tu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na nilipojitazama nikaona nimezeeka upande mmoja.

Mama wa Anselmi alikuja kunisaidia. Kwao ni kijiji cha karibu na Nyangwe, na alisafiri mpaka kwetu akiwa na kuku, mafuta ya mawese na karanga, maana alijua mzazi anataka nini. Alinipikia uji wa mchele na karanga ili maziwa yarudi. Hayakurudi. Jirani yetu Zena, mke wa mtu wa Kabambare, Mwislamu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume mwezi ule ule, na maziwa yake yalikuwa mengi mpaka yanalowanisha kitambaa. Alikuja akasema kwa upole kwamba angeweza kumnyonyesha Veronika pamoja na wake. Mama mkwe alimshukuru, lakini akakataa. Alisema maziwa ni damu, na mtoto akinyonya kwa watu tusiowajua atakuwa wa nani. Anselmi alikubaliana na mama yake. Zena alirudi nyumbani. Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana, nilikuwa bado natetemeka kwa homa.

Basi dispensari wakatupa makopo ya maziwa ya unga na biberoni, ile chupa ya kunyonyeshea yenye chuchu ya mpira. Wakaniagiza neno moja: chemsha maji. Nami niliyachemsha. Masista walikuwa wametufundisha usafi, na nilitaka mtoto wangu asipate hata kidudu kimoja. Niliweka sufuria motoni mapema, nikaacha maji yachemke mpaka yamepungua nusu, ndipo nikachanganya maziwa. Wamama wengine walikuja kuangalia ninavyofanya.

Kiangazi kilikuwa katikati nilipoona kucha. Nilikuwa namuogesha mchana, kwenye jua, nikaona kucha za Veronika zina rangi kama mtu aliyeshika wino akanawa vibaya. Nikazisugua. Haikutoka. Nikatazama midomo, nayo ilikuwa na rangi hiyo hiyo, ya majivu yaliyochanganyika na zambarau. Hakuwa na homa. Hakuwa na kikohozi. Hakuwa analia hata. Hicho ndicho kilichonitisha: alikuwa ametulia mno, ananyonya kidogo, anapumzika, anahema, ananyonya tena.

Nawaambia jambo moja hapa, wamama. Kwa sisi watu weusi rangi ile haianzi kuonekana usoni. Ukimtazama mtoto shavuni utasema ni mzima. Tazama kucha, midomo, ulimi, na nyayo za miguu. Na umtazame nje, kwenye mwanga.

Infirmie alisema ni mapafu, akampiga sindano. Rangi haikubadilika. Akatuandikia ruhusa ya kwenda hospitali ya Kasongo, na tukapanda kamioni ya kampani iliyokuwa inapeleka magunia, mimi mbele na dereva, Anselmi juu ya mizigo.

Baraza la hospitali ile nalijua mpaka nyufa za sakafu yake. Tulikaa tumebanana, wenye vidonda, wenye mimba, wazee wa macho, kila mtu na kifurushi chake cha chakula. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari alimfunua Veronika, akamtazama miguu, akanyanyuka akanipa nafasi yake. Aliyekuwa mbele yake akafanya hivyo hivyo. Tukasogezwa namna hiyo mpaka mlangoni. Nilishukuru, na pia niliogopa sana, maana nilielewa wameona nini.

Munganga alikuwa Mbeleji kijana, mrefu, Kiswahili chake kinaruka ruka. Alimsikiliza mtoto kifuani kwa muda mrefu sana. Akasema huenda ni moyo, kuna watoto wanazaliwa na moyo ambao haukufungwa vizuri. Akatulaza. Masera mmoja, ndivyo tunavyowaita masista wauguzi, mwanamke mnene asiye na maneno mengi, ndiye aliyekuwa anawaandalia maziwa watoto wa chumba chetu. Kila kitu alikipika yeye. Na Veronika akaanza kurudi. Kwanza nyayo, kisha midomo. Baada ya siku chache alikuwa analia kwa hasira kila biberoni ikichelewa, na mimi nikawa nacheka kusikia kilio hicho. Munganga alifurahi lakini alikuna kichwa. Alituruhusu, akasema tumlinde asichoke, na kwamba mtoto wa moyo anaweza kuishi siku nyingi na anaweza asiishi.

Tukarudi nyumbani na furaha yenye kivuli. Haikuchukua hata juma, kucha zikaanza tena.

Wakati huo ndipo nyumba yetu ilipoharibika. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amezika watoto wake wanne na hakutaka kumzika mjukuu. Alikaa akafikiri kwa akili yake, na akili yake ilimwambia hivi: huko Kasongo mtoto anapona, akiingia nyumba hii anageuka. Basi ubaya uko hapa. Kuna mtu. Na aliyekuwa karibu, aliyekuja kuomba mtoto mchanga ampakate na kumnyonyesha, alikuwa Zena. Hakulitamka jina, lakini alianza kufunga mlango Zena akipita. Habari ikaenda kambi nzima. Wanawake wakaacha kuja kwangu, wengine kwa kumwogopa Zena, wengine kwa kutuogopa sisi. Anselmi na mume wa Zena, waliokuwa wakila pamoja kazini, wakawa kila mmoja anakula peke yake.

Mama mkwe alitaka mtoto apelekwe kwa mtu mmoja wa upande wa Kabambare aliyejulikana kwa kugundua wachawi. Mimi nilikataa. Anselmi akasema tungoje. Tuligombana kwa mara ya kwanza tangu ndoa, mimi nikilia, yeye akiangalia mikono yake. Nilimwambia kwamba kama mtoto huyu atakufa, asifie njiani kwa mganga huku jirani wanatajwa majina. Akatoka akaenda kukaa kisimani, pale alipopenda kukaa jioni.

Halafu mvua za kwanza zikaja, kubwa, zikashuka mteremko mzima zikiwa na matope ya zizi. Siku mbili tatu baadaye Veronika akageuka kuliko wakati wowote. Ulimi ulikuwa wa kijivu. Mikono ilining'inia. Nilimpa biberoni, maziwa yakatoka pembeni mwa mdomo.

Kamioni iliyokuwepo ilikuwa tayari kuondoka. Mama mkwe miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza. Anselmi alizuiliwa kazini, ukuta wa ofisi ulikuwa umeanguka kwa mvua na mkubwa wa kambi hakutaka kusikia neno. Nikapanda peke yangu. Kabla kamioni haijatoka, Zena akaja, mtoto wake mgongoni, kanga kichwani, akapanda akakaa kando yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, akatuona.

Njia ilikuwa imeharibika. Tulikwama kwenye matope, wanaume wakashuka kusukuma, wakakata matawi wakaweka chini ya magurudumu. Veronika alikuwa hanyonyi tena chupa. Zena alinitazama.

"Mama Veronika, lete mutoto," akasema. "Mungu anatuona wote wawili."

Nikampa. Akamweka kifuani, akamkamulia mdomoni tone kwa tone, akimpapasa shavu kwa kidole. Baada ya muda nikaona koo la mwanangu linasogea. Alimeza. Akameza tena. Mtoto wa Zena nilikuwa nimempakata mimi, mzito, wa moto, kucha zake nyekundu kama inavyotakiwa. Kamioni iliponyanyuka kutoka matopeni sote wawili tulikuwa tunalia, na hatukuulizana kwa nini.

Hospitalini hatukukaa barazani. Masera yule mnene alimwona mtoto akatuvuta mkono mpaka ndani. Munganga alipomchoma kisigino, damu ilitoka, na ninaikumbuka kuliko vitu vyote nilivyoviona maishani mwangu: haikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya kahawa. Munganga aliipokea kwenye karatasi nyeupe, akaipepea, akaingoja iwe nyekundu. Ilibaki kahawa. Akasema na Masera kwa Kifaransa, haraka haraka. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane, jambo ambalo Mzungu hakuwa analifanya.

"Mama, mutoto anakula nini?"

Nikamwambia maziwa ya kopo.

"Na maji gani?"

"Maji ya pompi ya kambi, Munganga. Ninachemsha sana."

"Sana namna gani?"

"Mpaka inapunguka nusu. Sipendi vidudu."

Alifumba macho kidogo. Kisha akaniuliza kama nilipolazwa mara ya kwanza nilileta maji yangu, nikasema hapana, Masera ndiye aliyetengeneza kila kitu, na maji yao ya misheni. Akanyanyuka. Aliniambia kwamba alikuwa amesoma juu ya watoto wa mashambani huko ng'ambo waliogeuka rangi namna hii kwa maji ya visima, visima vilivyo karibu na mbolea na vyoo, lakini hakuwa amemwona hata mmoja kwa macho yake.

Wakaleta dawa. Na dawa hiyo ilikuwa buluu, buluu ya kweli, kama ile tuliyotumia kufulia nguo nyeupe za altare. Nilipoona sindano ya rangi hiyo inaelekea kwenye mshipa wa mtoto ambaye tayari ameiva rangi mbaya, nilimshika Masera mkono. Akaniambia nimwamini Munganga, akanishika na yeye.

Munganga aliiingiza polepole, akiangalia saa. Tulikaa tukitazama midomo. Mimi, Zena, Masera, hata mwanamke wa kitanda cha pili alishuka akaja. Rangi nyekundu ilianza katikati ya mdomo wa chini, ndogo kama punje ya mtama, ikaenea. Kisha ulimi. Kisha masikio. Kabla jua halijafika upande wa pili wa dirisha, Veronika alifungua macho, akakunja uso, akapiga ukelele uliowafanya watu wa barazani wageuke. Zena akamtoa kwangu bila kuomba, akamnyonyesha pale pale, na safari hii mtoto alivuta mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilimfungua vitambaa nikakuta mkojo wake ni wa kibuluu-kijani, kama maji ya majani yaliyosagwa. Nikaita kwa hofu. Masera, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akajishika tumbo, akasema ni dawa tu inatoka. Tulianika vitambaa hivyo kwenye majani nje, kijani, buluu, kijani, na Zena akasema kambini watasema tumefungua duka.

Munganga alikuja kitandani akanisemesha polepole ili nielewe. Alisema hii si moyo, moyo wa mtoto ni mzima. Niliomba alirudie neno hilo, akarudia. Kisha nikamwuliza kuhusu moto, maana nilichemsha kwa bidii zote.

"Moto inaua kidudu," akasema. "Hii haiko kidudu. Iko kama chumvi. Ukichemusha maji ya chumvi, maji inaenda, chumvi inabaki."

Nilielewa mara moja, maana kila mwanamke anajua mchuzi ukikaa motoni unavyozidi chumvi. Kumbe bidii yangu ilikuwa inaukoleza ugonjwa. Nilikaa na wazo hilo siku nzima. Munganga aliliona usoni mwangu, akasema nilifanya nilivyoambiwa, na wote waliokuwa wameniambia walisema kweli kwa vidudu. Nalipeleka neno hilo kwako wewe pia, mama, kama umefanya nilivyofanya.

Nyumbani mama mkwe alimpokea mtoto, akamgeuza geuza kwenye mwanga kama anayechagua nguo sokoni, hakuona doa. Nikawaeleza. Alipofahamu kwamba kilikuwa kisima, si mtu, alikaa chini. Jioni ile alichukua kuku wake wa mwisho kutoka Nyangwe, akajikokota kwa miguu yake ile mpaka nyumba ya Zena. Sikuwapo, kwa hiyo sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba alikaa huko mpaka chakula kilipoiva, na kwamba aliporudi alisema mtoto ataendelea kunyonya kwa Zena mpaka aote meno. Zena naye alituambia sheria yao: walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawataoana. Mama mkwe alifikiri, akasema si neno, mchumba atapatikana kwingine.

Kwa Anselmi ilikuwa kazi zaidi. Aliniacha nimalize kueleza, akachukua kikombe, akaenda kisimani, akarudi amekijaza, akanywa mbele yetu mpaka chini.

"Mimi ninakunywa," akasema. "Mama anakunywa. Kambi muzima inakunywa. Ni nani alikufa?"

Nilimwambia alivyosema Munganga, kwamba mtu mkubwa anaweza kuyastahimili maji yale, hatari ni ya mtoto mchanga ambaye chakula chake chote kimechanganywa nayo. Kwa siku nyingi hakukaa tena kisimani. Sikumlaumu. Alikuwa ameingia ndani ya ardhi ile kwa ajili yetu, tofali juu ya tofali, na sasa anaambiwa ndiyo iliyokuwa inamnyima mwanawe pumzi.

Mvua zikiwa bado zinaendelea, Munganga alipita kambini katika safari zake za kupima watu. Alisimama penye pompi, Anselmi kando yake. Aliangalia mteremko, zizi, vyoo. Anselmi naye akaangalia. Mwashi anajua maji yanapita wapi hata chini ya ardhi, na mimi nilikuwa namtazama uso alipolifuata jicho la Munganga kutoka kule juu mpaka miguuni pake. Mabega yake yakashuka. Munganga akamwambia kwamba ukuta wake ulikuwa mzuri, mahali ndipo palikuwa pabaya, na mahali hakupachagua yeye.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Anselmi alivua suruali yake nzuri, akavaa ya kazi, akachukua jembe akashuka bondeni. Alisafisha chemchemi ya zamani iliyokuwa imejaa majani tangu tuiache. Jumapili nyingine mume wa Zena alikuwa naye, wanabeba mawe pamoja. Walijenga kikuta, wakaweka bomba la kutolea maji, na wakatengeneza ngazi za mawe kwenye ule mlima uliokuwa ukituua. Zile ngazi ndizo zilizowafurahisha wanawake kuliko chochote.

Pompi haikufungwa. Nisiwadanganye. Zizi lilihamishwa baadaye sana, na watu wakubwa waliendelea kunywa maji yale, sisi tukiwa pamoja nao, maana bonde ni mbali. Lakini ikawa kanuni ya kambi, bila mkubwa yeyote kuiamuru, kwamba maji ya mtoto asiyeota meno yanatoka bondeni, au mbali zaidi kama yapo masafi, na kwamba mama asiye na maziwa aulize kwanza jirani kabla ya kuuliza kopo. Infirmie alianza kutazama kucha. Watoto wengine wawili walionekana mapema, na wote wako hai.

Veronika alikaa mwembamba mpaka kiangazi kilichofuata, kisha akanenepa ghafla. Kwa muda mrefu sikuweza kumwona analala bila kumwinua mkono nimtazame vidole. Mimi na Anselmi tulirudiana polepole. Nilikuwa naona aibu ya kovu langu, yeye alikuwa anaona aibu ya kisima chake, na siku moja tulijikuta tunacheka juu ya vyote viwili.

Nilipopata mimba ya pili niliogopa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama mkwe alirudi na karanga zake. Nikajifungua mtoto wa kiume, wakati wa mvua, asubuhi. Habari ilizunguka kambi kabla sijaoshwa. Na kabla ya mchana nikasikia miguu nje. Walikuwa wanawake wa mistari yote ya nyumba za kambi, wale waliokuwa wameacha kuja kwangu, Zena mbele yao, kila mmoja na mtungi kichwani, wamelowa, wametoka bondeni. Walisema wameleta maji ya mtoto. Waliipanga mitungi ukutani mpaka hakukuwa na mahali pa kukanyaga.

Titi langu la kulia lilikuwa limejaa tangu alfajiri. Maziwa yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye mkeka, na mtoto ananyonya akikohoa kwa wingi wake. Mama mkwe alinitazama, nikamtazama. Hakuna aliyesema kwamba hatuhitaji hata tone. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina, akawakalisha, akapika maharagwe na mchele kwa maji yale, na sote tukala.